Mtoto Mwenye Kigugumizi na Haki Yake ya Kusikilizwa



Katika vyuo vyetu vya Qur'ani, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, watoto husoma kwa njia mbili. Husoma wote kwa pamoja, kisha kila mmoja huitwa mbele ya maalim asome somo lake peke yake. Njia ya kwanza humsitiri mtoto mwenye kigugumizi, na ya pili humfichua. Sisi tuliofundisha chuo hapa Malindi kwa zaidi ya miaka ishirini tumelishuhudia jambo hili mara nyingi. Mtoto husoma Yasini nzima pamoja na wenziwe asikwame popote. Akiitwa peke yake asome aya tatu za Juzuu Amma, hukwama kwenye herufi ya kwanza ya bismillahi. Midomo hufungana, shingo hukaza, macho huangalia jamvi, na nyuma yake kicheko huanza kidogo kidogo.

Wengi wakiona hivyo husema mtoto anajifanya. "Mbona akisoma na wenziwe hakwami?" Wataalamu wa tiba ya usemi wana jibu la swali hili. Karibu kila mwenye kigugumizi huacha kukwama asomapo kwa sauti pamoja na watu wengine, na wengi hawakwami wanapoimba. Ndiyo maana kaswida na nyiradi huwa nyepesi kwa mtoto yule yule ambaye salamu ya mgeni humshinda. Hajifanyi. Hiyo ni tabia ya kigugumizi chenyewe, na haifai kutumiwa kama ushahidi dhidi yake.

Tumeona wiki hii tuliandikie jambo hili ukurasa wa familia, kwa kuwa mtoto wa namna hii huwa nyumbani mwetu kabla hajawa chuoni, na mama yake ndiye wa kwanza kumsikia.

Kigugumizi huanza aghalabu baina ya umri wa miaka 2 na 5, wakati mtoto anapoanza kuunga maneno. Watoto kama 5 katika kila 100 hupitia hali hiyo, na walio wengi hupona. Katika watu wazima hubaki kama mtu 1 katika kila 100, na wanaume wenye kigugumizi ni kama 4 kwa kila mwanamke 1. Kwa hesabu hiyo, msikiti wenye watu mia tano siku ya Ijumaa huenda una watu watano wa namna hii, na huenda hatuwajui, kwa sababu wamejifunza kunyamaza.

Chanzo chake ni nini? Tumesikia mengi mitaani: kwamba mtoto alitekenywa mno, kwamba alimwiga jirani, kwamba alitupiwa jicho. Elimu ya leo inasema kigugumizi kinatokana na namna ubongo unavyopanga usemi, na mara nyingi hupita katika nasaba. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wamezipata baadhi ya jeni zinazohusika, baada ya kuchunguza familia za Pakistan ambamo kigugumizi kilirithiwa. Mwaka 2015 ikapatikana nyingine katika ukoo mmoja wa Kameruni. Basi mama asijilaumu kwa alichokila wakati wa mimba, wala baba asiseme kwamba mtoto amedekezwa.

Ulimi nao umeadhibiwa bure. Wapo wanaompeleka mtoto akakatwe kimeo au ukano wa chini ya ulimi, wakitaraji maneno yafunguke. Tusidhani kwamba ni sisi tu tuliofikiri hivyo. Mwaka 1841 tabibu mashuhuri wa Berlin, Dieffenbach, alikuwa akikata nyama ya ulimi wa wagonjwa kwa sababu hiyo hiyo. Wagonjwa waliumia, kigugumizi kikabaki, na njia hiyo ikaachwa. Ama dua na kisomo, hakuna Mwislamu atakayekataa kumwombea mwanawe. Lakini mtoto anayenyweshwa kombe asubuhi na kuchekwa jioni, tumemjengea kwa mkono mmoja na kumbomolea kwa mwingine.

Madhara ya maneno ya mkubwa kwa mtoto yanajulikana. Mwaka 1939, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, watafiti wa chuo kikuu waliwachukua mayatima 22 wa makao ya mji wa Davenport. Baadhi yao hawakuwa na kigugumizi chochote, lakini waliambiwa kuwa wanacho, na kwamba wasifungue kinywa ila wawe na hakika ya kusema sawasawa. Hawakugeuka wenye kigugumizi, lakini kadhaa wao walianza kuogopa kusema na kujitenga na wenzao. Habari hizo zilipotangazwa mwaka 2001, chuo kikuu hicho kiliomba radhi. Yatima wale walinyamazishwa na maneno ya mkubwa waliyemwamini, wala hawakupigwa hata kofi moja. Nasi tujiulize ni mara ngapi tumemwambia mtoto, "Tulia kwanza, sema vizuri au nyamaza."

Tuje sasa kwenye tiba. Zamani lengo lake lilikuwa mtu aseme bila kukwama kabisa. Alifundishwa kurefusha sauti, kuanza neno kwa upole, na kuipanga pumzi. Mbinu hizo bado zinatumika na zina manufaa yake. Lakini Charles Van Riper (1905–1994), Mmarekani aliyekuwa na kigugumizi mwenyewe, aliongeza funzo jingine. Aliona kwamba taabu kubwa inatokana na kupigana na neno: kukaza taya, kufumba macho, kupiga mguu. Akawafundisha watu wakwame kwa wepesi na wasikimbie. Joseph Sheehan, naye mwenye kigugumizi, alikifananisha na mlima wa barafu baharini: kinachoonekana juu ni kidogo, na chini ya maji kumejaa hofu, aibu na kujificha. Sisi huku hatuna milima ya barafu, lakini tuna miamba. Nahodha wa Malindi hauhofu mwamba anaouona maji yakitoka; unaovunja chombo ni ule uliofunikwa na maji.

Kwa watoto wadogo, tiba ya siku hizi humweka mzazi katikati. Huko Sydney, Australia, katika miaka ya 1980, ulianzishwa mpango uitwao Lidcombe. Mtaalamu humfundisha mzazi, na mzazi hukaa na mtoto kila siku kwa muda mfupi, akiyasifu kwa kiasi maneno yaliyotoka laini. London, kwenye kituo cha Michael Palin kilichofunguliwa mwaka 1993, mzazi hufundishwa kutenga dakika 5, mara kadhaa kwa wiki, za kucheza na mtoto mchezo anaouchagua mtoto mwenyewe, bila simu na bila haraka, huku mzazi akichunguza mwendo wa maneno yake. Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi walitangaza matokeo ya watoto 199. Kundi moja lilifuata njia ya Lidcombe, na jingine lilifuata njia ya kumpunguzia mtoto mashinikizo ya usemi. Baada ya miezi 18, zaidi ya watoto 7 katika kila 10, kwa kila kundi, hawakuwa tena na kigugumizi. Baadhi yao yumkini wangepona hata bila tiba, lakini tunaona kwamba njia zote mbili zilipita mikononi mwa wazazi.

Kwa watoto wakubwa na watu wazima, wataalamu wengi leo wanauliza swali jingine: je, mtu huyu anasema anachotaka kusema, mahali anapotaka kukisema? Akikwama njiani kisha akafika, amefika. Hufundishwa kumwambia msikilizaji mapema kwamba ana kigugumizi, kuyaendea taratibu mambo anayoyaogopa kama simu au kujitambulisha mbele za watu, na kukutana na wenziwe wa hali moja. Tangu mwaka 1998, tarehe 22 Oktoba imewekwa kuwa siku ya dunia ya kukifahamu kigugumizi.

Msomaji wa Qur'ani hatalishangaa lengo hilo. Nabii Musa, alayhis salaam, alipotumwa kwa Firauni, aliomba akunjuliwe kifua, afanyiwe wepesi kazi yake, na afunguliwe fundo katika ulimi wake ili watu wayafahamu maneno yake. Dua hiyo imo katika Sura Taha, aya ya 25 hadi ya 28, na kila mtoto wa chuo anaihifadhi. Ibn Kathir, katika tafsiri yake, anaeleza kwamba Musa hakuomba aondolewe fundo lote. Aliomba kiasi cha kumwezesha kueleweka, kwani Mitume huomba kwa kadiri ya haja. Ndiyo maana Firauni alibaki na la kumkejeli, akisema kwamba mtu huyu hawezi hata kujieleza, kama ilivyo katika Sura Az-Zukhruf. Musa aliomba pia apewe nduguye Harun, aliyekuwa fasaha kuliko yeye, awe msaidizi wake. Hata hivyo hakumwachia Harun ujumbe. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya Firauni, na yeye ndiye tunayemwita Kalimullah, aliyesemeshwa na Mola wake. Anayemcheka mtoto mwenye fundo la ulimi na ajitazame amesimama upande gani wa kisa hiki.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amewatoa hofu wasomaji wa namna hii. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, msomaji hodari wa Qur'ani ana daraja pamoja na malaika watukufu, na yule anayeisoma kwa kukwamakwama, naye anaona uzito, ana ujira mara mbili. Neno la Kiarabu lililotumika hapo ndilo linalotumiwa kwa mtu anayesita na kukwama katika maneno. Wanavyuoni wameeleza kwamba ujira mmoja ni wa kusoma na wa pili ni wa mashaka anayoyapata. Na katika fiqhi ya madhehebu yetu ya Shafi, Imam Nawawi amewataja katika Minhaj wenye kukariri herufi ya taa au ya faa: kuwafanya maimamu ni makruhu, lakini swala nyuma yao ni sahihi, na wafafanuzi wakasema herufi zile za ziada zimesamehewa kwa sababu ya udhuru wao. Sheria imemvumilia, sisi ndio tunaomwonea haraka.

Miaka michache iliyopita alikuja mama mmoja baada ya swala ya Alasiri, amemshika mkono bintiye wa miaka tisa. Ameturuhusu tuyaandike haya bila majina. Akasema, "Maalim, naona nimtoe mtoto chuoni. Nitamsomesha mwenyewe nyumbani." Tukamuuliza sababu. "Wenziwe wamcheka." Kisha akanyamaza, nasi tukanyamaza, tukamngoja. Alipoendelea tulimsikia akikwama kama alivyokuwa akikwama bintiye, na tulifahamu kwamba huenda ndiyo mara ya kwanza kuliachia jambo lile litoke mbele ya mtu asiye wa nyumba yake.

Alitueleza kwamba tangu utoto amekuwa akiyakimbia maneno. Hutumwa dukani sukari; akifika mlangoni na kuhisi neno litamkwama, huomba majani ya chai, akarudi nyumbani kugombezwa. Alipoolewa, wakwe walimsifu kwa haya na uchache wa maneno. Yeye mwenyewe alikuwa na mengi ya kusema. Jina lake ndilo lililomtesa zaidi, kwa kuwa kila neno laweza kubadilishwa ila jina la mtu.

Tulimkumbuka Wasil bin Ataa wa Basra, aliyefariki mwaka 131 Hijria. Yeye hakuwa na kigugumizi. Alishindwa kuitamka herufi ya raa. Al-Jahiz anasimulia kwamba kwa wingi wa msamiati wake aliweza kuhutubia na kujadiliana bila kuitumia herufi hiyo hata mara moja. Watu wamelisifu jambo hilo kwa zaidi ya miaka elfu. Lakini maisha ya kulichungulia kila neno kabla halijatoka ni kazi nzito kwa Wasil, mwanachuoni mkubwa. Seuze kwa mama wa nyumbani aliyetumwa sukari. Akina mama wasomaji wetu, tusiharakie kuuita haya kila ukimya wa mwanamke. Pengine katika nyumba zetu yumo ambaye ukimya wake una sababu nyingine, na hajapata wa kumwambia.

Hatukumjibu mama yule kabla ya kumuuliza mtoto mwenyewe. Tulimuuliza anataka nini, tukangoja. Jibu lake lilichukua muda, nalo lilikuwa hili: "Nataka kusoma, Maalim, lakini asinimalizie mtu."

Basi mambo yakapangwa juu ya jibu hilo. Kwa idhini yake, tuliwaeleza watoto wote kigugumizi ni nini, tukawasomea hadithi ya ujira mara mbili, na kicheko kikapigwa marufuku. Aliacha kungojeshwa hadi mwisho wa safu, kwa kuwa alisema hofu humzidi kila zamu inapokaribia. Alianza kusoma pamoja na mwenzake mmoja anayempenda. Mwenzake akawa anapunguza sauti taratibu, hadi siku moja akawa anasoma peke yake. Akikwama, hakuna anayemtilia neno kinywani. Mama naye alimpata mtaalamu wa Mombasa, wakaonana naye ana kwa ana mara mbili, na baadaye kwa simu ya video, ambayo huokoa nauli na siku nzima ya safari.

Binti huyo bado ana kigugumizi. Mwezi wa Shaaban uliopita alihitimu Juzuu Amma. Sura ya mwisho ilimchukua muda mrefu kuliko mtoto mwingine yeyote, na chuo kizima kilikaa kimya hadi akamaliza. Mama yake ametueleza kwamba katika kikao cha akina mama kilichofuata alijitambulisha kwa jina lake. Alikwama, kisha akalitaja.

Kwa mama mwenye mtoto wa aina hii, yako mambo ambayo hayahitaji fedha. Mtazame usoni anaposema, na usiuondoe uso wako anapokwama. Usimmalizie neno. Usimwambie avute pumzi au aanze upya. Analijua hilo, na linamwongezea haya. Punguza mwendo wa maneno yako mwenyewe, na uvute kitambo kidogo kabla ya kumjibu. Mpunguzie maswali ya mfululizo. Nduguze wafundishwe kungojeana zamu wakati wa chakula. Mbele ya wageni usimlazimishe kutamba kwa sura aliyohifadhi. Muulize kwanza kama anataka. Na kigugumizi kisiwe siri ya aibu nyumbani: mtoto akiuliza, mwambie kwa utulivu kwamba maneno yake mengine hukwama, na kwamba wewe una wakati wa kumngojea.

Mtafute mtaalamu ikiwa hali imeendelea zaidi ya miezi 6, ikiwa katika ukoo wamo waliobaki nacho ukubwani, au ikiwa mtoto ameanza kukaza uso, kulia au kuacha kusema. Anzia hospitali ya Malindi au ya Kilifi, uombe kuelekezwa. Ofisi za elimu nazo zina uhusiano na vituo vya tathmini ya watoto wenye mahitaji maalumu, na Nairobi ipo Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, katika mtaa wa Kasarani. Wataalamu wa usemi ni wachache. Shahada ya kwanza ya fani hii katika Afrika Mashariki ilianza Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008 tu. Tofautisheni pia kigugumizi na mtoto anayepoteza au kuchelewa usemi baada ya malaria kali na degedege. Hilo ni jambo jingine, ambalo watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome hapa Kilifi wamelichunguza, na linataka hospitali bila kuchelewa.

Walimu wenzetu wa vyuo na wa skuli, nasi tuna sehemu yetu. Mtaala wa sasa unapima kuzungumza kama unavyopima kusoma na kuandika. Mtoto mwenye kigugumizi akipewa dakika zile zile za mwenzake, atahesabiwa hajui anachokijua. Muongezeeni muda, na msimpe alama ya woga. Na aya ya 11 ya Sura Al-Hujurat, inayokataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya, imewataja wanawake waziwazi kama ilivyowataja wanaume. Tuisome chuoni, na tuisome pia kwenye mikusanyiko ya harusi na ya maulidi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awakunjulie vifua watoto wetu, awafungue mafundo ya ndimi zao kwa kadiri ya haja zao, na sisi atupe subira ya kukaa kimya mpaka wamalize.

Wabillahi tawfiq.